Shahidi wa Unyayo Wangu

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya misa, niliita mahudhurio ya vidoa vyangu. Nasema mahudhurio kwa sababu mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na sikujua njia nyingine ya kusimamia vitu vinavyoweza kubadilika ukivipa mgongo. Nilikuwa na daftari la mistari. Ukurasa wa kushoto nilichora mwili kwa mbele, wa kulia nikauchora kwa nyuma, na kila kidoa cheusi nilichokuwa nacho kwenye ngozi nikakipa namba na sifa zake: mviringo, kimeinuka kidogo, kina unywele mmoja. Vilikuwa kumi na tisa. Nikikikuta kidoa mahali pake, kwa ukubwa wake uleule, nilikitia alama ya vema. Mgongo aliukagua mume wangu, maana mgongo wa mtu ni mali ya wenzake.

Kazi hiyo nilipewa na daktari. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimekatwa titi la kushoto katika hospitali kubwa ng'ambo ya ziwa, baada ya kukaa na uvimbe miezi saba bila kumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kilinikosa kidogo tu. Niliporudi Bukoba, kidonda changu kilifuatiliwa na daktari wa upasuaji wa hospitali ya huku, mtu wa mkoa mwingine, mwenye sauti ndogo na mikono mikavu. Siku aliyonitoa nyuzi za mwisho aliniambia kwamba mwili uliowahi kuotesha saratani moja unaweza kuotesha nyingine ya aina tofauti kabisa, na kwamba iko moja inayokaa kwenye ngozi na kujifanya kidoa cha kawaida.

"Usiogope, Mwalimu, ila usiamini," alisema. "Kila mwezi jitazame. Kidoa kikibadilika umbo au rangi, au kikitoa damu, njoo. Kikizuka kipya, njoo haraka zaidi. Na kwa watu weusi kama sisi usisahau nyayo, viganja na chini ya kucha. Huko ndiko kinakopenda kujificha."

Sikuogopa. Nilikasirika. Nilikuwa nimeshatoa titi zima, na hesabu yangu ya kienyeji iliniambia kwamba mtu aliyekwisha kutoa hatozwi tena. Nilimshukuru daktari, nikatoka, na njia nzima hadi nyumbani Buhembe nilikuwa nagombana naye moyoni.

Tatizo ni kwamba ile haikuwa miaka ya mtu kujitazama ngozi. Vita vya mpakani vilikuwa vimepita zamani kidogo, tukidhani tumemaliza zamu yetu ya kuzika, kisha ukaja ugonjwa wa kukonda. Mjini waliuita Juliana, jina la nguo za fasheni zilizokuwa zikivushwa mpakani, kama vile ugonjwa nao ulikuwa kitu cha kuvaa na kuvua. Kipimo kilikuwepo hospitali, lakini macho ya majirani yalitoa majibu mapema zaidi. Kila mtu alijua orodha: kukonda, mkanda wa jeshi ubavuni, madoa meusi kwenye ngozi. Mtu aliyeonekana akigeuza mkono wake juani ili auone vizuri alikuwa amekwisha kujitangaza.

Mimi nilikuwa nimekonda tayari. Dawa na upasuaji vilinimaliza, na gauni zangu zote zilining'inia. Nilikuwa na maelezo mazuri, titi lililokatwa, lakini maelezo ya aina hiyo hayaonyeshwi kisimani. Nyuma ya nyumba yetu, ndani ya kibanja kilekile cha migomba na kahawa, aliishi mama mkwe wangu, ambaye alikuwa amezika watoto wawili wa kiume ndani ya mwaka mmoja na nusu. Wa tatu, aliyebaki, ndiye mume wangu. Kwa hiyo nilipokuwa nikitazamwa na mama yule, nilielewa kabisa alichokuwa akikitafuta, na sikumlaumu. Niliumia tu.

Ndiyo maana mahudhurio yaliitwa chumbani, mlango ukiwa umefungwa, dirisha likiwa wazi upande wa migomba ili mwanga uingie. Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Alipita mgongoni kwangu kwa kidole, akisema namba: kumi na tano, yupo; kumi na sita, yupo. Alivitaja kama watu, nami sikumsahihisha.

Nyayo sikuzikagua. Huu ni ukweli ambao kwa muda mrefu nilikuwa nikiusema kwa njia za kuuzunguka, sasa nausema ulivyo. Miezi minne ya kwanza nilikagua kila mahali isipokuwa nyayo, kwa sababu nyayo za mtu anayelima migomba hazina habari. Utomvu wa ndizi hushika ngozi na kugeuka mweusi, na hakuna sabuni inayoutoa. Unasubiri ngozi ichakae yenyewe. Mikono yetu na miguu yetu ilikuwa na madoa ya utomvu mwaka mzima. Hata nilipoona kitu cheusi chini ya kisigino cha mguu wa kulia, nilikisugua kwa jiwe. Nilikisugua wiki mbili. Utomvu mwingine ulitoka, chenyewe kikabaki.

Kilikuwa na ukubwa wa mbegu ya papai, cheusi vilevile, ila ukingo mmoja ulikuwa umefifia kuelekea kahawia. Nilikitazama kwa kioo cha kunyolea ndevu cha mume wangu, nikiwa nimekaa sakafuni na mguu nimeukunja kama mtu anayetoa funza.

Daktari alikitazama kwa kioo cha kukuza, akakipima kwa rula ndogo, akaandika.

"Kipo tangu lini?"

"Sijui."

"Kwenye daftari lako?"

Nilimwambia kwamba nyayo hazimo kwenye daftari. Hakunigombeza. Alisema kukata chini ya mguu si jambo dogo kwa mtu anayesimama darasani na kulima. Kidonda cha pale huchelewa kupona na wakati mwingine humwacha mtu akichechemea. Kama kidoa ni cha kuzaliwa nacho, au cha tangu usichana, tungeweza kukilinda kwa macho kwanza. Kama ni kipya, kinakatwa wiki hiyohiyo.

"Yuko mtu anayeujua mwili wako tangu zamani?" aliuliza. "Mama?"

Mama yangu alikuwa amefariki. Lakini alikuwepo mtu mmoja, na nilimtaja mara moja kwa furaha ya mwanafunzi aliyekumbuka jibu. Alikuwepo shangazi.

Kwetu Wahaya, shangazi, dada wa baba, ndiye anayemwandaa binti kuolewa. Siku za kuwekwa ndani kabla ya harusi yeye ndiye anayekuogesha, anayekupaka samli, anayekufundisha yale ambayo mama anaona haya kuyasema. Na katika kukuogesha anakukagua. Anataka kukujua mwili wako wote, ili wakwe wasije wakasema kesho kwamba walipewa kitu chenye kasoro. Shangazi yangu alinikagua mimi nyumbani kwake karibu na Rubya, huko Muleba, mwaka ule wa vita. Kama kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyewahi kuushika unyayo wangu na kuutazama, ni yeye.

Daktari alisema nimuulize, nirudi baada ya siku tatu.

Nilimkuta shangazi ameketi mlangoni akimenya ndizi, kisu kikienda chenyewe bila kutazamwa. Alikuwa mwanamke mrefu aliyeanza kuzeeka kwa kuanzia macho. Ukungu mweupe ulikuwa umeingia kwenye jicho la kushoto na alianza kumgeuzia mtu uso wa upande wa kulia. Alinishika usoni kwa mikono yote miwili.

"Umekonda, mwanangu."

"Ni ile saratani, Shangazi. Napona."

"Waitu, napokea," alisema, neno letu la heshima ambalo halikukubali wala kukataa.

Tulikula, tukatafuna kahawa, tukasalimia kaburi la baba. Kisha nilivua kiatu. Nilikuwa nimejiandaa njiani namna ya kuuliza, kwa sababu nafundisha watoto na najua swali baya linavyozaa jibu baya. Lakini nilipoinua mguu ule mbele yake, na kumwona akiinama, sauti yangu ilitoka nyingine.

"Shangazi, wewe ndiye uliyeniogesha kabla sijaolewa. Hiki kidoa kilikuwepo, si ndiyo?"

Alikitazama kwa muda mfupi sana. Alikigusa kwa kidole gumba.

"Kilikuwepo," alisema. "Nilikiosha kwa mkono huu. Nikajisemea, huyu mtoto amekanyaga usiku akatoroka nao. Hata marehemu mama yako alikuwa na cha namna hiyo."

Nilicheka. Nilimkumbatia. Mwili wangu wote ulilegea, nikalia kidogo, naye akanipigapiga mgongoni kama mtoto mchanga anayetolewa gesi. Nilirudi Bukoba nikiwa mwepesi. Nilimwambia daktari kwamba ni cha tangu usichana, shahidi yupo. Aliandika hivyo kwenye faili, akasema nirudi baada ya miezi mitatu na katikati nikiangalie kila wiki.

Sikukiangalia. Nimesema nitasema ukweli. Mtu aliyepewa msamaha harudi mahakamani kuuhakiki. Nilikichora kwenye daftari, nikakipa namba ishirini, nikaandika pembeni "cha zamani", na tangu hapo Jumapili za mahudhurio niliinua mguu nikautia alama ya vema bila kuinama. Daftari lililotakiwa kunilinda lilikuwa sasa na uongo ulioandikwa kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni.

Mama mkwe alinikuta siku moja uani nikikausha miguu baada ya kuoga. Sikuwa nakagua chochote. Lakini alikiona. Alisimama na ndoo yake, akatazama kisigino changu, kisha akanitazama mkono wa kulia, ambapo pana doa pana jeusi linalong'aa. Jioni yake mume wangu aliitwa nyumba ya nyuma, akarudi akiwa amekunja uso.

Yeye na wazee wa ukoo walitaka nirudi kwetu nikapumzike. Ndivyo ilivyosemwa. Miaka ile mwanamke aliyeambiwa akapumzike kwao alikuwa anaambiwa asifie kwenye kibanja cha watu, na watoto wabaki. Mume wangu alikataa. Ila alikataa kwa namna yake: badala ya kugombana na mama yake, alituma ujumbe Muleba bila kuniambia, akamwita shangazi aje atoe ushahidi mbele ya ukoo. Aliamini jambo hilo lingemaliza kila kitu. Kwa upande mmoja alikuwa sahihi.

Baraza lilikaa Jumamosi mchana katika nyumba ya mama mkwe. Nyasi mpya zilikuwa zimetandazwa sakafuni, harufu yake tamu kabisa, kama ya sikukuu. Baba mkubwa wa mume wangu, mzee wa ukoo, ndiye aliyeongoza. Mama mkwe alikaa karibu na mlango wa jikoni. Shangazi alikaa katikati, miguu ameinyoosha mbele, kitenge kipya, uso ameuelekeza kwa mzee upande wa jicho lake zima.

"Binti yetu tuliwapa mzima," alianza, kwa Kihaya cha taratibu cha watu wanaojua kwamba wanasikilizwa. "Mimi ndiye niliyemwogesha. Mimi ndiye niliyempaka samli. Hakuna kilicho juu ya mwili wake ambacho ninyi mlikiona kabla yangu. Kuhusu titi, mmeambiwa, na karatasi za hospitali zipo. Kama kuna jingine, lisemeni nami nitalijibu."

Mzee aliuliza, kwa heshima, juu ya alama iliyo mguuni.

"Kilikuwepo. Amezaliwa nacho. Hata mkiniita mbele ya padri nitasema hivyo."

Watu wakatikisa vichwa. Niliona mabega ya mume wangu yakishuka. Kisha mzee akakohoa, akanyoosha kidole kwenye mkono wangu.

"Na lile doa la mkononi?"

Shangazi hakugeuka hata kulitazama.

"Nalo lilikuwepo. Tangu akiwa mtoto wa kutambaa."

Doa lile nililipata katika jiko la nyumba ileile tuliyokaa, mwaka wa pili wa ndoa yangu. Sufuria la ndizi liliteleza kwenye mafiga, maji yakanimwagikia kutoka kiwiko hadi kifundo. Aliyenimwagia maji baridi, akanifunga kwa jani la mgomba na kunilisha kwa mkono wake siku tatu, alikuwa mama mkwe.

Nilimtazama. Naye alikuwa akinitazama. Ukimtoa mume wangu, ambaye asingemwangusha shahidi aliyemwita mwenyewe, mle ndani ni sisi wawili tu tuliojua kwamba shahidi alikuwa anadanganya. Angeweza kusema. Neno moja lake lingebomoa ushahidi wote na mimi ningefunga mizigo siku ileile. Alifumbua mdomo kidogo, akaufumba, akainamisha kichwa na kuanza kuokota nyasi moja moja pale alipokaa. Labda alikumbuka kwamba wale wanawe wawili hawakupata mtu wa kuja kutoka mbali kuwasemea. Sijawahi kumuuliza, na sasa hayupo.

Baraza liliisha vizuri. Lubisi, pombe yetu ya ndizi, ilimiminwa, mzee akaniita binti yake, watoto wangu wakaitwa kutoka uani waje wamsalimie bibi yao wa Muleba. Nilipiga magoti nikamshukuru kila mmoja. Lakini mguu wangu wa kulia ulikuwa umepoa, toka kisigino hadi gotini, kama uliokuwa ndani ya maji ya ziwa. Nilikuwa nimekwenda kwa shangazi kutafuta ukweli. Kumbe yeye alinipa kile ambacho ndugu humpa ndugu anaposhtakiwa. Kuanzia siku ya kwanza, alipoona nimekonda na kuona alama, alijua nashtakiwa kwa lipi, akaamua kunitetea. Hakujua kwamba mimi nilikuwa na kesi nyingine, ambayo haishindwi kwa kutetewa.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mbele ya mlango wa daktari kabla hajafika.

"Shahidi wangu hafai," nilimwambia.

Hakucheka. Alinilaza, akakitazama, akatoa rula. Alirudia kupima mara mbili, akafungua faili kulinganisha. Kilikuwa kimeongezeka karibu nusu ya ukubwa wake, na ule upande wa kahawia ulikuwa umetoa kichomozi. Mimi mwenyewe sikuwa nimejua, maana nilikuwa nikikitia alama ya vema kila mwezi.

Alikikata siku ya pili yake. Kipande kilisafirishwa Dar es Salaam kwenye chupa, na majibu yalichukua wiki sita, wiki ambazo nilifundisha kwa kukaa kwenye kiti, mguu nimeuweka juu ya sanduku la chaki. Nilifundisha hesabu za sehemu. Watoto wa darasa la nne hawakuwahi kuelewa sehemu vizuri kama mwaka ule, kwa sababu nilikuwa nazifundisha kwa ukali wa mtu ambaye akinyamaza atafikiri.

Majibu yalikuwa saratani ya ngozi. Changa, ilisema karatasi. Ilikuwa haijazama ndani. Daktari alinikata tena, mapana zaidi, akachukua ngozi ya paja akaibandika pale. Alipomaliza alisema, "Tumewahi, Mwalimu." Nilimuuliza kama tungeiwahi zaidi ile miezi mitatu ya nyuma. Alisema ndiyo. Nilimuuliza ingekuwaje kama ningeongeza mingine mitatu. Alianza kuosha mikono yake.

Nilikaa karibu miezi miwili bila kutembea sawasawa. Muda wote huo nilikuwa na kazi moja, kuandaa maneno ya kumwambia shangazi. Nilikuwa na hasira naye ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa mtu. Nilipanga sentensi, nikazifuta, nikapanga nyingine. Nilimsamehe Jumatano na kumhukumu tena Alhamisi. Nilipoweza kuvaa kiatu, kikubwa cha mume wangu, nilikwenda Muleba.

Alikuwa ndani, ameketi karibu na mlango akichambua maharage kwenye ungo. Jicho la kulia nalo lilikuwa limeanza ukungu. Alinitambua kwa hatua zangu zilizoharibika, akageuza uso.

"Unachechemea."

"Wamekata kile kidoa, Shangazi. Ilikuwa saratani. Kilikuwa kipya."

Vidole vyake vilisimama kwenye maharage. Mimi, niliyekuja na sentensi zangu zote, nilisubiri aanze kujitetea ili nipate pa kuanzia.

"Miguu sikuitazama," alisema. "Mgongo naujua, kifua, tumbo, mikono. Vyote nilivipaka samli mwenyewe, siku mbili. Miguu iliachwa ya mwisho. Siku ile ya tatu magari ya jeshi yalikuwa yanapanda kutwa nzima kwenda mpakani, na watu wa huko walikuwa wanashuka na mbuzi zao na magodoro. Tukaambiwa harusi iwe kesho yake, asije bwana harusi akachukuliwa. Nilikushika miguu, nikaipaka, lakini nilikuwa nasikiliza magari. Sikuitazama, mwanangu."

"Mbona ulisema ulikiona?"

"Uliniuliza kama mtu anayeomba maji," alijibu. "Nani anamnyima mtu maji?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu mengi, niliyaandaa miezi miwili. Lakini nililisikia swali langu mwenyewe, lile la siku ile mlangoni, na lile "si ndiyo" nililolitundika mwishoni, mimi mwalimu mzima ninayewachapa watoto wanaonong'onezana majibu. Sikumuuliza. Nilimwekea jibu mdomoni, nikaondoka nalo nikishangilia. Hasira ilinitoka, ikabaki aibu. Nilikaa chini kwenye mkeka nikalia kwa sauti, naye hakunibembeleza. Aliweka ungo pembeni, akafunga mlango wa uani.

"Vua," alisema.

"Shangazi, huoni."

"Vua. Lala hapa."

Nilivua. Mbele yake nililala na kovu langu la kifuani, ambalo alikuwa hajaliona. Aliligusa kutoka kwapani hadi katikati ya kifua, akasema jina la Mungu mara moja, akaendelea. Alikwenda kwa ncha za vidole, taratibu, namna ileile aliyokuwa akichambua maharage. Alipofika kwenye kidoa alisimama. Chini ya kitovu: "Hiki kilikuwepo." Begani: "Hiki nakijua." Ubavuni alikaa sana, mpaka nikashikilia pumzi, kisha akasema ni kovu la tetekuwanga, nilikuwa na miaka sita, nililia wiki nzima. Ilikuwa kweli.

Nikageuka kifudifudi. Alianza shingoni, akateremka uti wa mgongo, akavitaja viwili, akavuka upande wa kulia. Chini kidogo ya bega vidole vyake vilirudi nyuma. Vikapita tena. Vikasimama.

Safari hii sikuuliza kitu. Nilikuwa nimeuma kitenge changu ili mdomo usije ukamsaidia.

"Hiki sikijui," alisema.

Nilijua anaogopa kuliko mimi. Ingemtosha kuniambia kilikuwepo. Hakuna aliyekuwepo wa kumkanusha, na ningevaa nguo zangu nikaenda nyumbani nikicheka. Sijawahi kupendwa na mtu kwa ukali kama nilivyopendwa pale kwenye mkeka. Alibakiza kidole chake juu ya kidoa, kama anayeogopa kwamba akikiondoa kitampotea.

"Mwanangu, hiki sikijui," alirudia. "Usilale hapa leo. Nenda."